Panya wa Laborit na Sokwe wa Gombe

Katika filamu ya Kifaransa Mon oncle d'Amérique, iliyoongozwa na Alain Resnais mwaka 1980, mmoja wa wanaoonekana kwenye skrini si mwigizaji. Ni Henri Laborit, daktari wa upasuaji na mtafiti, mmoja wa watu waliofungua njia ya matumizi ya klopromazini, dawa iliyobadili matibabu ya wagonjwa wa akili miaka ya 1950. Resnais anasimulia maisha ya watu watatu, mapenzi yao na kazi zao. Laborit anaingia katikati ya hadithi na kueleza kwa nini miili yao inaugua.

Hoja yake iko kwenye kizimba cha panya chenye vyumba viwili. Ishara inatolewa, sekunde chache baadaye umeme unapita sakafuni. Mlango ukiwa wazi, panya anajifunza upesi kuhamia chumba cha pili, na baada ya wiki nzima ya mateso hayo bado ni mzima. Mlango ukifungwa naye yuko peke yake, huacha kuhangaika, hujikunyata, presha hupanda na tumbo hupata vidonda. Wakifungiwa wawili, huumana. Umeme umewapiga vilevile, lakini hao wanaoumana hawaugui.

Pale Kidahwe, mkoani Kigoma, barabara inapogawanyika kwenda Kasulu na Uvinza, jambo hilo huonekana mchana kweupe. Dereva kasimamishwa na askari wa barabarani, hathubutu kumjibu. Akirudi garini anamfokea konda, na konda anamgeukia mama mwenye ndoo ya dagaa, eti imeziba njia. Faini iko palepale. Mwili wa dereva umepata nafuu, na mama ndiye anayesafiri na uchungu wa watu wawili.

Kwa sokwe wa hifadhi ya Gombe pia ni hivyohivyo: dume aliyetishwa na mkubwa wake humrukia aliye chini yake. Lakini Gombe, alikofika mtafiti wa sokwe Jane Goodall Julai 1960, ilitupa kisa ambacho kizimba cha Laborit hakikukipima. Sokwe jike mzee aitwaye Flo alikufa mwaka 1972. Mwanawe Flint alikuwa na umri wa miaka minane hivi, umri wa kujitegemea, ila alikuwa bado akilala na mama yake na kutaka kubebwa. Baada ya kifo hicho alikosa hamu ya kula, akawa mnyonge, akajitenga na wenzake. Hata mwezi haukuisha akafa, na uchunguzi wa maiti ulikuta ugonjwa tumboni.

Hakuna aliyemfungia Flint. Msitu wote ulikuwa wazi na chakula kilikuwepo. Ndiyo maana naamini Laborit yuko sahihi kuhusu mwili, ila nadharia yake inapwaya mbele ya upendo. Aliyefiwa hana wa kumkimbia wala wa kupigana naye.

Mahali ambapo nadharia hiyo inatuhusu sana mkoani kwetu ni mbele zaidi kwenye barabara ya Kasulu, kambini Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Wapo watu wazima waliozaliwa humo. Kurudi kwao ni hatari, kutoka ni kosa, na hakuna wa kupambana naye. Mtu wa namna hiyo akifika zahanati akilalamika tumbo na kukosa usingizi, dawa za tumbo ni haki yake, lakini haziwezi kuwa tiba yote. Lakini binadamu ana lugha, na kwa maneno anaweza kupigana pasipo kumuumiza mwenziwe. Kwa hiyo pamoja na kupima presha, mhudumu amuulize mgonjwa ni uamuzi gani katika maisha yake bado uko mikononi mwake, na ni nani anayemsikiliza anapozungumza.