Nati ya Beetle Haitaki Mabavu

Rangi inanunuliwa. Rimu zinanunuliwa. Hata ile ngurumo ya egzosi yenye hufanya watoi wa ploti wakimbilie geti, hiyo pia ni ganji yako tu. Lakini kuna pahali kwa ndai ya kitambo hakuna msee huwa anapiga foto, na mimi ndio hapo huwa nacheki kwanza kabla nikumwagie sifa: nyuma ya rimu ya mbele. Ka hapo ndani kumefungwa kiubwege, wacha kunionyesha luku.

Na mbogi ya ndai za kitambo Nairobi imekuwa mob siku hizi, sio wazee wa kofia peke yao. Wazee wako na Concours yao pale Ngong Racecourse, majaji wanainama hadi chini ya ndai na notibuku. Vijana wako na Jumapili, maegesho, na simu zenye kamera safi. Wote nawaheshimu. Lakini majaji wakishaondoka na simu zikishaisha chaji, bado utahitaji kusimama pale Globe ukiwa na mathree imekukata mbele ghafla. Hapo foto haikusaidii.

Stori yangu ni ya Beetle, juu hiyo ndio klasiki yenye msee wa kawaida bado anaweza ota bila kuchekwa. Na iko na rekodi. Safari Rally ilipoanza 1953 ikiitwa Coronation Safari, juu Malkia Elizabeth alikuwa anavishwa taji, ndai zilikuwa zinapita Kenya, Uganda na Tanganyika, vumbi na matope mwanzo hadi mwisho. Beetle ilishinda 1954, ikarudia 1957, alafu 1962. Hizo njia zote ilikuwa inasimama na drami, mbele na nyuma. Kwa hivyo msee akikushow ati drami ni za trekta, mwache aendelee na diski zake. Drami hazina noma. Noma ni wenye huzifunga.

Shika hii kwanza: kwa Beetle ya drami, habu na drami ya mbele ni chuma moja. Beringi mbili zinakaa ndani yake, kubwa upande wa ndani, ndogo upande wa nje, na gurudumu linafungwa kwa hiyo hiyo drami. Yote inashikiliwa na nati moja tu kwa ekseli. Nati ikihepa, haihepi pekee yake, inabeba breki na gurudumu zikuache hapo Waiyaki Way ukikwaruza lami. Ndio maana hii mboka haifanywi na msee ako na haraka ama ako na hangova.

Ndai iinuliwe ikae kwa stendi za chuma. Jeki pekee yake, zii. Mawe ya mjengo, zii kabisa. Jiwe likiamua kupasuka halikupigii simu kwanza. Gia iingie ya kwanza, mawe yawekwe nyuma ya magurudumu ya nyuma (hapo sasa jiwe ni sawa), alafu ndio unaanza kuoga grisi.

Kuna tabia moja ya gereji zetu lazima niiseme vibaya. Drami ikitoka, fundi anachukua hosi ya kompresa anapuliza ile vumbi nyeusi yote, mbogi imesimama hapo inaivuta ka ni hewa ya Ngong Hills. Manze, laining'i za kitambo zilitengenezwa na asbesto. Hiyo kitu ikiingia mapafu haitoki, na madhara yake huja miaka mob baadaye, wakati hata hiyo ndai ulishaiuza. Lowesha vumbi na maji, pangusa na kitambaa, funga kwa karatasi, tupa. Vaa maski ya vumbi yenye inashika usoni vizuri, zile za korona hazitoshi.

Beringi osha na parafini. Petroli pia inasafisha, lakini hakuna gereji ya Kariobangi haina msee na sigara. Ikishatakata usiipulize na kompresa ndio uskie vile inalia. Sauti ni tamu, najua, lakini beringi kavu ikizungushwa hiyo spidi inajikwaruza, na ikitapakaa inaweza kukutoboa jicho. Iache ikauke mos mos, alafu icheki kwa jua. Rangi ya bluu bluu ni moto, ilishawahi chomeka. Vishimo vidogo ni uzee. Zote mbili ni za kutupa, na ukitupa beringi, ile ringi yake yenye imekazwa ndani ya drami pia inatoka. Hizo mbili zilizaliwa pamoja, usizichanganye na za wengine. Ringi mpya unaigonga na kipande cha shaba, huku kidogo, huku kidogo, hadi sauti ya nyundo ibadilike iwe nzito. Hapo imefika.

Za kununua utaenda Kirinyaga Road, yenye kila mtu bado anaiita Grogan. Chanuka. Kuna maboksi yameandikwa SKF na FAG yenye ndani yake kuna kitu haijawahi karibia hizo kampuni. Usisome boksi, soma chuma. Ka namba zimechorwa ovyo, ama namba ya chuma inabishana na ya boksi, rudisha na tabasamu uhepe. Pia jua ndai yako: Beetle za kabla ya modeli ya 1966 zilikuwa na beringi za gololi, zilizofuata ni za rola zilizochongoka. Ukimshow muuzaji ati unataka “ya Volks tu”, atakupea yenye iko karibu na mkono wake.

Kabla drami irudi, shuu za breki zinakaa kwanza. Mbele kuna shuu mbili kila upande, silinda kamoja kenye pistoni mbili, na vilekebishaji viwili vya meno ka vya nyota. Vile vilekebishaji viko na mkato kichwani wenye umelazwa kiupande, sio kwa urembo. Shuu yenyewe imekaa kiupande pale mwisho, kwa hivyo ukigeuza mkato vibaya shuu inakaa imepinda na breki inashika kona moja tu. Wasee mob hulaumu laining'i kumbe ni hiyo. Springi nazo, piga foto kabla utoe chochote. Hiyo ndio foto ya maana kwa hii mboka yote.

Ukipata laining'i imelowa mafuta ya breki, usiichome. Najua kuna mafundi huzimwagia petroli wanawasha moto, zinatoka zikiwa nyeusi safi, na wanakuapia zimerudi mpya. Uongo mbaya. Mafuta yalishaingia ndani, na breki ikipata moto yanatoka tena. Badilisha, na ubadilishe pande zote mbili, ama ndai itakuwa inavuta upande mmoja kila ukikanyaga. Alafu uliza hayo mafuta yalitoka wapi. Inua vile viraba vya silinda. Ka kuna maji maji hapo, silinda imechapa. Na cheki hosi za raba zenye zinaenda kwa gurudumu: zikizeeka zinafura ndani, nje bado zinakaa fiti. Mguu unasukuma mafuta yanapita, ukiachilia hayarudi, na drami inabaki imeshikwa. Msee atabadilisha kila kitu isipokuwa hiyo hosi, alafu aanze kusema ndai imerogwa.

Sasa grisi. Tumia ile ya beringi za magurudumu yenye inavumilia moto, na usichanganye mpya juu ya ya zamani. Weka donge kwa kiganja, chukua beringi na mkono ule mwingine, sukuma upande mpana kwa ukingo wa donge hadi grisi itokee juu kati ya rola. Zungusha, rudia. Kuipaka nje nje ni kudanganya beringi. Ndani ya drami weka kiasi, lakini kile kifuniko cha nje usikijaze. Grisi ikipata joto inatafuta njia, na njia ya karibu ni kupita ile sili ya ndani hadi kwa laining'i. Sili mpya kila mara. Bei yake ni ya chapo na madondo, hakuna sababu ya kurudisha ya zamani.

Osha mikono. Niko serious. Kidole kimoja cha grisi kwa laining'i mpya na ushaharibu.

Drami inaingia, beringi ya nje inafuata, washa, alafu nati. Upande wa kushoto, wa abiria kwa ndai zetu, nati inafungwa kinyume. Watu wameharibu ekseli za watu hapa, wakivuta upande wenye wamezoea, wakiongeza paipu kwa spana juu “imejam”. Haijajam. Unaikaza.

Na hapa ndio vita yangu na mafundi wa mtaa inaanza. Kwetu kukaza ndio heshima. Nati ikilia, fundi anaridhika, kijana mwanafunzi anaambiwa “ongeza”. Kwa tappet kava inavuja mafuta kidogo basi. Kwa beringi ya mbele unaua. Rola zilizochongoka zikifinywa hazina nafasi, na chuma ikipata joto inatanuka, nafasi inapungua zaidi, grisi inayeyuka inakimbia, na ile rangi ya bluu uliyoona kwa beringi ya zamani sasa unaitengeneza mwenyewe. Ukilegeza sana nayo, gurudumu linayumba, drami inasukuma shuu ndani, na mguu wa breki unashuka hadi karibu na sakafu kabla uskie kitu. VW wenyewe walitaka mchezo wa kati ya milimita 0.03 na 0.12. Hiyo ni unene wa unywele, na hakuna mkono wa nguvu utakupatia unywele.

Unaipata hivi. Zungusha drami na mkono mmoja huku ukikaza nati na ule mwingine, ndio rola zikae kwa ringi zao. Ikianza kuwa nzito, simama. Alafu legeza mos mos, na kila ukilegeza kiasi, chukua bisibisi usukume ile washa iko nyuma ya nati. Ikikataa kusonga, bado imebana. Ikisonga bure bure, umepita. Unataka isonge kwa shingo upande, na bisibisi ikiwa kwa vidole, usiiegemeze kwa drami kupata nguvu. Ikifika hapo, kaza ile skrubu ndogo ya alenki yenye inafunga nati, na ujaribu washa tena, juu skrubu yenyewe inaweza kuivuta kidogo. Msee wa kwanza kunionyesha hii alikuwa mzee wa macho mabovu kwa gereji haina hata bango. Alikuwa anaifanya akiangalia kando, akibonga stori za Gor.

Kuna kitu tamu kwa gurudumu moja la mbele. Kebo ya spidomita inapita katikati ya ekseli na kichwa chake cha mraba kinatokea kwa kifuniko cha nje, kinashikwa na kipini kidogo. Gurudumu likizunguka, kifuniko kinazungusha kebo, na sindano inapanda mbele ya dereva. Kwa hivyo ukisahau hako kapini, utaenda hadi Thika ukiwa na spidi sufuri. Jaribu kumweleza karao hiyo stori.

Kabla ya kulekebisha shuu kanyaga breki mara kadhaa ndio zikae katikati. Alafu ingiza bisibisi kwa kashimo kenye kanafikia ile nyota ya kilekebishaji, izungushe hadi drami ishike, rudisha meno matatu ama manne. Fanya hivyo kwa kila shuu. Ukifungua paipu yoyote lazima utoe hewa, na unaanza mbali na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, unamaliza mbele kulia kwa dereva. Mmoja anakanyaga, mmoja anafungua na kufunga, na hao wawili wasiwe wamekosana. Mafuta ya breki hayakai vizuri na rangi. Tone moja kwa mudguard uliolipia na damu yako, mwaga maji hapo hapo. Chupa yenye ilifunguliwa mwaka jana pia usitumie, hayo mafuta hunywa maji kutoka kwa hewa, na maji yakichemka ndani ya paipu mguu unaenda chini bure.

Safari ya kwanza ni ya mtaani, hapo karibu, spidi ya boda ya mzee. Kanyaga pole mara kadhaa laining'i zizoeane na drami. Rudi, weka mkono karibu na kila drami bila kushika. Zikiwa na joto sawa, fiti. Moja ikiwa moto na wenzake wako baridi, kuna shuu inashika ama kuna nati ulifanya ubishi nayo. Na usiwe na kiherehere cha kuteremka Mai Mahiu wiki hiyo hiyo. Ukiteremka, weka gia ya chini mapema na uache injini ishikilie, juu drami zikichemka zinaanza kukupuuza, na ile kona ya pale kwa kanisa ndogo ya Waitaliano haina nafasi ya kubishana.

Baada ya wiki kadhaa inua mbele tena. Shika gurudumu juu na chini, sukuma, vuta. Kamchezo kadogo kenye unakaskia kwa vidole ni sawa. Ukiskia gudu-gudu, toa kifuniko, legeza ile skrubu ya alenki, tafuta bisibisi.