Abe Gunja na Mwanawe Nyondo

Mwaka 1875, mzee wa Kijerumani aliyepofuka aliondoka Rabai, mwendo mfupi kutoka Mombasa, baada ya kuishi pwani miaka 29. Ni mmisionari Johannes Rebmann, yule aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na mabingwa wa jiografia huko Ulaya wakakataa katakata kumsadiki. Jina lake limo katika vitabu vya shule. Isaac Nyondo, kijana wa Rabai aliyefuatana naye hadi Ulaya, hatajwi kamwe, na mimi naliona hilo kuwa deni tusilolilipa.

Nyondo alizaliwa na Abe Gunja, mmoja wa Wamijikenda wachache mno waliobatizwa enzi hizo. Rebmann na mmisionari mwenzake Ludwig Krapf walihubiri miaka na miaka, na waumini bado walihesabika kwa vidole. Wa kwanza, Mringe, alibatizwa akiwa taabani kitandani. Abe Gunja alibatizwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, akaitwa Abraham. Mwanawe akaitwa Isaac. Aliyewachagulia majina hayo aliijua vema habari ya baba na mwana waliopanda mlimani pamoja.

Kwenda kanisani siku hizo hakukuwa jambo jepesi. Wiki ya jadi ya Wamijikenda ina siku nne, na katika hizo moja ni ya kupumzisha jembe. Jumapili huja kila baada ya siku saba. Mkulima aliyeshika ibada alilazimika kufuata hesabu mbili kwa wakati mmoja: majirani wakienda shamba, yeye yuko kwenye sala, wakipumzika, huenda ndiyo zamu yake ya kulima. Tena kulikuwa na matanga. Msiba ulikusanya ukoo mzima kwa ngoma na tembo la mnazi, mambo ambayo wamisionari hawakuyapenda hata kidogo. Asiyekaa matangani kwa mwenzake, je, naye atazikwa na nani? Swali hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa zito kuliko mahubiri yoyote, na ndilo linalonifanya nimheshimu sana Abe Gunja. Wazee wa kaya, walinzi wa mila hizo, walikuwa jirani zake, si wageni wa mbali.

Turudi kwa Nyondo. Kumhudumia kipofu safarini ni kumshika mkono kwenye ngazi ya meli, kumwonyesha sahani iko wapi, kumwambia mlango ni huu. Rebmann alikuwa amefiwa na mkewe, Emma, mwaka 1866, wala hakuwa na mtoto wa kumtegemea. Kazi ambayo angeifanya mtoto wa kuzaa ikafanywa na mtoto wa Abe Gunja. Rebmann alifariki Korntal, Ujerumani, Oktoba 1876.

Nyondo alirudi kwao. Katika miaka iliyofuata, Rabai ilijaa watumwa waliotoroka mabwana zao, na mabwana hao wakaja juu wakidai mali yao. Mwisho George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alilipa fidia, na mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Ibada iliyoanza na watu wa nyumba mbili tatu, akina Abe Gunja wakiwemo, sasa ikawa na waumini waliotoka Uyao, Nyasa na kwingineko bara.

Leo wanafunzi hupelekwa Rabai kutazama jumba la makumbusho la Krapf. Wanaowatembeza wawasimulie na habari za Abe Gunja na Nyondo.