Baba wa Mtoto Aliye Katika Kuvezi

Ndugu mfanyakazi, mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37, wote tunauliza: mtoto yuko hai? Mama ana nguvu? Ni vema. Lakini baba aliyesimama mlangoni na karatasi ya dawa mkononi, nani anamuuliza hali yake?

Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2010, uliokusanya hesabu za nchi nyingi, ulionyesha kwamba karibu baba 1 kati ya 10 hushikwa na huzuni nzito tangu mimba mpaka mwaka wa kwanza wa mtoto. Kwa mwanaume huzuni hiyo haitoki siku zote kwa machozi. Inatoka kwa hasira, kwa kasiksi, kwa kukosa usingizi. Na mtu aliyekesha usiku tatu hafai kushika mashine ya kutoboa mwamba wala usukani wa lori.

Kwetu kuna mzigo zaidi. Mgodi wa bati wa Bisie uko Walikale, jamaa pengine iko Masisi. Machi 2025 vita ilipokaribia, kazi ya Bisie ilisimama, ikarudi Aprili. Mtoto anaweza kuwa hospitalini upande huu, mshahara upande ule, na njia imefungwa katikati. Mtu huyo msimwambie "jikaze". Ameshajikaza.

Iko dawa isiyo na bei: ngozi kwa ngozi. Ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu kuvezi hazikutosha. Mtoto anavalishwa nepi na kofia tu, anafungwa kifuani kwa kitenge. Mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi wa hospitali katika nchi 5, Tanzania ikiwamo: kati ya watoto wa kilo 1 mpaka 1.8, vifo vilipungua kwa robo kwa wale waliowekwa kifuani mara moja bila kungoja.

Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 mpaka 24 kwa siku. Mama aliyepasuliwa ataziweza peke yake? Kifua cha baba nacho kina joto. Muulize muuguzi, nawa mikono, vua shati, keti.

Shefu wa timu, mwenye mtoto hospitalini mpe kazi ya juu, tena ya mchana. Na wewe baba, usingizi usiporudi kwa wiki 2, nenda dispanseri. Ukiwaza kujiua, nenda leo hii, na mwenzako akusindikize.