Mia Vita, Mia Ushindi: Hekima ya Maneno Yanayorudiwa

Mswahili akitaka kulitia neno uzito hulirudia: polepole, hatua kwa hatua, haba na haba. Wachina nao wana desturi hiyo. Katika lugha yao imo misemo iitwayo chengyu, ambayo mingi hujengwa kwa alama nne tu za maandishi, na kila alama hutamkwa kwa silabi moja. Baadhi ya misemo hiyo hurudia alama, na kadhaa ilizaliwa vitani. Basi yafaa askari na polisi waifahamu.

Wa kwanza ni *tangtang zhengzheng*. *Tang* ni adhama, *zheng* ni unyofu. Asili yake ni kitabu cha Sun Tzu juu ya sanaa ya vita, kilichoandikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Humo jemadari anaonywa asilishambulie jeshi ambalo bendera zake zimenyooka na safu zake zimepangika, kwa maana nidhamu yenyewe ni ngome. Leo msemo huu humsifu mtu atendaye mambo yake kwa haki na waziwazi. Sifa ya kikosi imekuwa sifa ya mtu mmoja mmoja.

Wa pili ni *bubu weiying*, yaani kila hatua, kambi. Jeshi husonga mbele kidogo, likajenga boma, kisha likasonga tena. Katika riwaya ya Falme Tatu, mbinu hiyo yatajwa katika vita vya mlima Dingjun, ambako Huang Zhong, jemadari mzee, alimshinda Xiahou Yuan mwaka 219. Siku hizi husemwa juu ya mtu mwenye hadhari.

Wa tatu ni *duoduo yishan*: kadiri wanavyozidi, ndivyo bora. Mwanahistoria Sima Qian asimulia kwamba Liu Bang, mwasisi wa utawala wa Han, alimwuliza jemadari wake Han Xin kila mmoja wao angeweza kuongoza askari wangapi. Han Xin alijibu kuwa mtawala hazidi laki moja, bali yeye mwenyewe hana kikomo. Mtawala akacheka, akamwuliza mbona basi amekamatwa naye. Han Xin akajibu kuwa Liu Bang hajui kuongoza askari, lakini ajua kuongoza majemadari. Jibu hilo halikumwokoa daima: mwaka 196 K.K. aliuawa kwa tuhuma za uasi.

Wa nne ni *baizhan baisheng*: mia vita, mia ushindi. Wengi huutumia kumsifu asiyeshindwa. Lakini Sun Tzu, ambaye maneno hayo yamo kitabuni mwake, hakuyahesabu kuwa upeo wa ubora. Kwake yeye, jemadari bora ni yule amshindaye adui bila kupigana.

Hapo ndipo penye funzo kwa kila mwenye kukabidhiwa silaha. Polisi azimaye ghasia kwa neno la busara, na watu wote wakarudi makwao salama, amepata ushindi uliozidi ule wa vita mia.