Kigari cha golf kikikataa kutembea: pima kwanza, batri utanunua nyuma

Ukimaliza agronomia watu wanaanza kukuita "injeniere". Ni muzuri, wazazi wanafurahi. Lakini ku kazi lile jina linakuletea vitu ambavyo hakuna profesere aliyetufundisha. Pompi ya maji imekataa, wanakuita. Jenereta imezimika, wanakuita. Na siku moja wanakuita mbele ya kigari cha golf: "Injeniere, hii kitu haitembei."

Hapa Lubumbashi wengi tunajua Golf kama jina la kartie tu. Vile vigari vyenyewe vilitengenezwa kwa kubeba wachezaji na vyombo vyao, lakini leo utavikuta hata mahali ambapo hakuna mutu anayecheza golf: ku mahoteli, ku makambi ya kazi, ku mashamba makubwa. Pale ninapofanya kazi tuko navyo viwili, vya mitumba. Vinabeba miche ya avoka na ya malimau kutoka pepinieri, vinabeba mbolea na madumu ya maji. Havitaki mafuta, havipigi kelele, na vinapita kati ya mistari kwenye gari haiwezi kupita.

Shida yake ni moja: kikisimama, kila mutu anasema "batri zimekufa". Chetu kimoja kilisimama mwezi wa pili, katikati ya mvua. Papa anayekiendesha alikanyaga pedali asubuhi, akasikia tak-tak-tak chini ya kiti, na kigari hakisogei. Muuzaji wa batri akaja, akaangalia dakika mbili, akasema zote sita zimekufa. Mukubwa akatafuta mwenye kosa na akampata upesi: papa hachaji vizuri, basi bei itakatwa kidogo kidogo ku mushahara wake. Na bei ya batri sita mupya inakaribia mushahara wake wa mwaka muzima. Nikaomba wanipe siku moja na multimetri.

Mbele ya kugusa kitu, mujue namna umeme unavyotembea mule ndani. Sisi watu wa shamba tunaweza kuufikiria kama umwagiliaji. Mabatri ni tanki. Kable nene ni bomba kubwa. Kontakteri ni robine kubwa: kisanduku kidogo chenye vichwa viwili vinene vya kupitisha umeme mwingi, na vichwa viwili vidogo vya kupokea amri. Kontroleri ni mutu anayepima maji: inatoa kidogo au mingi kulingana na pedali. Moteri njo shamba lenyewe. Kisha kuko njia ya pili, nyembamba, ya amri tu: ufunguo, swichi ndogo ya pedali, na kile cha kuchagua mbele au nyuma. Hii njia nyembamba haizungushi gurudumu, inaambia tu robine kubwa ifunguke. Tanki inaweza kujaa mpaka juu, lakini kama amri haifiki, shamba litakauka. Na amri inaweza kufika vizuri, lakini bomba limeziba mahali fulani. Kutafuta ugonjwa ni kuuliza: maji yanafika mpaka wapi?

Kwanza yale ya aibu. Swichi ya mbele na nyuma haikubaki katikati? Sharjeri haiko bado imechomekwa? Vigari vingi vinakataa kutembea kama vimechomekwa, na vimefanywa hivyo kwa makusudi. Chini ya kiti cha vigari vingi kuko swichi yenye maandishi "Tow" na "Run". Kama iko ku Tow, ambayo ni ya kukivuta, hakitatembea hata ukisali. Musicheke, ninajua mahali walipomwita fundi kutoka mbali juu ya hii swichi.

Kisha usalama, na hapa sitaki mutu aniruke. Batri moja haiwezi kukurusha, lakini sita zilizofungwa pamoja zinatoa umeme wa kuyeyusha ufunguo wa fundi. Ondoa pete, saa na cheni. Batri za asidi zinatoa gesi ya haidrojeni wakati wa kuchaji, na hiyo gesi inalipuka: hakuna sigara, hakuna kiberiti, fungua kiti hewa ipite. Vaa miwani na glavu. Zuia magurudumu ya mbele, inua ya nyuma kwa jeki na uyakalishe juu ya kitu kigumu, juu utakanyaga pedali wakati wa kupima, na siku kitakapoamka hakitakuuliza ruhusa. Kabla ya kufungua kable yoyote, weka swichi ku Tow kama kiko nayo, anza na ile ya negatifu kubwa, na wakati wa kurudisha iwe ya mwisho.

Multimetri yenyewe ni ya bei ndogo, inapatikana ku soko. Iweke ku volti za umeme wa batri, ile alama ya V yenye mustari ulionyooka, ku kiasi cha 200. Waya nyekundu iwe ku tundu la volti. Ukiisahau ku tundu la 10A na ukagusa batri, umeunganisha batri na yenyewe, na utaona moto mikononi.

Sasa tanki. Hesabu vizibo vya maji juu ya batri moja: kila kizibo ni chumba kimoja, na kila chumba ni volti 2. Vizibo 3, batri ya volti 6. Vizibo 4, volti 8. Vizibo 6, volti 12. Batri 6 za volti 6 zinafanya kigari cha volti 36. Batri 6 za volti 8, au 4 za volti 12, zinafanya cha volti 48. Chetu kiko cha 48, cha batri sita. Zikiwa zimejaa na zimepumzika masaa machache, kigari cha 48 kinapashwa kuonyesha karibu 50.9, na cha 36 karibu 38.2. Ukikuta cha 48 kiko ku 48.4, usifurahi: hapo kimebakia karibu nusu.

Lakini hesabu ya zote pamoja inaficha mengi. Pima moja moja. Batri ya volti 8 iliyojaa inaonyesha karibu 8.5. Ukikuta tano ziko sawasawa na moja iko ku 6.3, chumba kimoja cha ile kimekufa, na hiyo moja njo inarudisha zote nyuma. Hapo muuzaji atasema kweli kwa sehemu ya sita, si kwa zote sita. (Kuweka moja mupya kati ya zee tano kuko na mabaya yake, ile mupya itazeeka haraka kufuata wenzake. Lakini kama wenzake wako bado na nguvu, ni afadhali kuliko kutupa zote.)

Kuko mutego mwingine. Sharjeri nyingi za otomatiki zinasikiliza kwanza kama batri ziko pale. Zikikuta volti zimeshuka sana, haziwaki. Mutu anachomeka usiku kucha, asubuhi hakuna kitu, anasema batri zimekufa. Chaji kila batri peke yake kwa sharjeri ndogo ya volti zake mpaka zipande kidogo, kisha rudisha ile kubwa. Mahali umeme unakatika kila siku, hii inatokea sana. Haya yote ninasema ya batri za asidi. Zile za lithiamu ziko na kifaa ndani kinachozifunga zenyewe, na hizo musizifungue.

Yetu ilionyesha 50.1. Muuzaji alikuwa amesema "zimekufa" bila kuweka waya hata moja juu.

Tukaenda ku kontakteri. Hapa sikio linasaidia kuliko macho. Weka ufunguo, chagua mbele, kanyaga pedali. Kama hakuna sauti hata moja, weka waya za multimetri ku vile vichwa viwili vidogo na ukanyage tena. Ku vigari vingi unapashwa kuona volti karibu zote za kigari. Kama volti zinafika na haipigi, kontakteri imekufa, ni kifaa cha bei ya kawaida. Kama hazifiki, ugonjwa uko ku ile njia nyembamba: ufunguo, swichi ya pedali, swichi ya mbele na nyuma, au waya iliyokatika. Wakati wa mvua zile swichi ndogo zinashika kutu, na panya wanapenda sana kulala chini ya kiti kwenye joto. Waya iliyotafunwa na panya haionyeshi kitu mpaka uifuate kwa vidole.

Kama inapiga "tak" moja safi lakini gurudumu halizunguki, pima ku vichwa viwili vinene. Mbele ya kukanyaga utaona karibu volti zote. Nyuma ya "tak" inapashwa kushuka karibu 0, maana robine imefunguka. Ikibakia juu, robine inapiga kelele tu, ndani imeungua, haipitishi. Ikishuka vizuri, basi umeme umepita, uangalie mbele zaidi: kontroleri, kifaa cha kupima mukanyago wa pedali, au moteri na sharboni zake, vile vipande vinavyosugua ndani na vinaisha kama breki. Kontroleri iwe ya mwisho kushitakiwa. Ni ya bei kali, na watu wanaibadilisha haraka kwa sababu hawaioni ndani.

Lakini ya kwetu ilikuwa inapiga tak-tak-tak, mingi, kama inatetemeka. Hiyo sauti iko na maana yake: amri inafika, robine inafunguka, umeme unaanza kupita, na mara moja volti zinaanguka mpaka robine haiwezi kujishika, inafunga. Ikifunga, volti zinapanda, inafunguka tena. Mutu anayesikia hivyo anaweza kuapa kwamba batri hazina nguvu. Inawezekana. Lakini bomba lililoziba linafanya namna ile ile.

Namna ya kutofautisha ni hii. Papa akakanyaga pedali, mimi nikapima kila batri juu ya risasi yake yenyewe, si juu ya kichwa cha kable. Zote sita zikabaki karibu 8.3. Batri iliyokufa haibaki hivyo wakati inaombwa nguvu, inaanguka. Kisha nikapima kitu ambacho watu hawapimi: waya moja juu ya risasi ya batri, waya ingine juu ya kichwa cha kable kilichofungwa palepale. Vinagusana, basi kati yao kunapashwa kuwa karibu 0. Ku batri ya kwanza 0. Ya pili 0. Ku batri ya nne hesabu zikaanza kurukaruka, mara 20, mara 30, kufuata ile tak-tak. Volti zote zilikuwa zinapotea pale, ku nafasi isiyofika milimetri moja.

Tulifungua ile kable. Juu ilionekana nzima, chini kulikuwa unga wa kijani na mweupe, na nusu ya nyuzi za shaba zilikuwa zimeliwa na asidi. Tukasafisha risasi kwa burashi ya chuma na maji yenye bikarbonati, tukiangalia yasiingie ndani ya vizibo, tukaweka kable mupya yenye unene ule ule, tukaikaza vizuri bila kupita kiasi, tukapaka grisi juu. Kable nyembamba ya nyumba usiiweke pale, itaungua. Papa akakanyaga: "tak" moja, na magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani. Bei ya ile kable mukubwa aliilipa kutoka mfukoni. Mushahara wa papa haukuguswa, na yeye njo sasa anashika multimetri kila siku ya kwanza ya juma, ameandika hesabu za batri sita ku kaye ya shule ya mutoto wake.

Ile asidi ilitoka wapi? Kutoka maji yaliyojazwa mengi mbele ya kuchaji. Batri ikichaji, maji yanapanda na kuchemka, yanamwagika juu na kula kable. Kama mabati ya ndani yako wazi, yafunike kidogo tu mbele ya kuchaji. Kujaza kwenyewe ni nyuma ya kuchaji, mpaka chini kidogo ya shingo ya tundu. Na iwe maji yaliyosafishwa ya batri, si ya robine wala ya kisima, wala asidi ingine. Wakati wa kiangazi, kigari kinapofanya kazi kutwa, sisi tunafungua vizibo kila juma mbili. Wakati wa mvua, mara moja kwa mwezi inatosha.