Kompyuta ya Baiskeli Yenye GPS: Kupima Njia za Mbulu na Hanang Kama Zilivyo



Maombi ya visima, mabomba ya maji na huduma za afya yanayotoka vijijini huwa na maneno yanayofanana: "Wananchi wanatembea umbali mrefu." Mfadhili akiuliza ni mrefu kiasi gani, hupata majibu matatu kutoka kwa watu watatu, na wote wanasema kweli. Mwenye gari amezunguka na barabara, mwenye baiskeli amekata njia ya mkato, na mama mwenye ndoo hajawahi kuhesabu kilomita. Katika makala hii tunaeleza kifaa kidogo kinachoweza kumaliza ubishi huo, na namna ya kukitumia ili takwimu zake ziaminike.

Kifaa chenyewe

Kompyuta ya baiskeli yenye GPS inatoshea kwenye kiganja na hufungwa kwenye usukani. Waendesha baiskeli wa mashindano na matembezi wamekuwa wakiitumia tangu katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya Garmin ya Marekani ilipoanza kuuza vifaa vyake vya Edge. Hupokea mawimbi ya setilaiti zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Ikipata setilaiti nne au zaidi hujua mahali ilipo, kisha huandika nukta moja baada ya nyingine kadiri baiskeli inavyokwenda.

Zamani serikali ya Marekani ilipunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kawaida. Zuio hilo liliondolewa mwezi Mei 2000, na leo kifaa kizuri mahali pa wazi hukosea kwa mita chache tu. Hakihitaji laini ya simu wala vocha ili kupima njia, hivyo hufanya kazi hata katika vijiji visivyo na mtandao.

Umbali wa ramani na umbali wa miguu

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba kituo cha maji kiwe ndani ya mita 400 kutoka kaya ya mbali zaidi, na kihudumie watu 250. Ukichukua ramani na rula, kaya nyingi zitaonekana kuwa karibu na maji kuliko zilivyo. Sehemu zetu zina ukingo wa Bonde la Ufa, makorongo na miteremko ya Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400. Anayepanda kutoka Dareda kwenda Dongobesh anajua kwamba njia haiendi kama ndege arukavyo. Kifaa hufuata kila kona, kwa hiyo hutoa umbali ambao mtu anasafiri kweli.

Mahali baiskeli isipopita, kifungue kwenye usukani, ukishike mkononi na utembee. GPS itaendelea kuandika.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuondoka

Kwanza, washa kifaa mahali pa wazi na usubiri dakika mbili au tatu kipate setilaiti. Ukianza safari papo hapo, mwanzo wa njia utapotea au kupinda.

Pili, chagua kuandika nukta kila sekunde. Kifaa kikiruka nukta ili kutunza nafasi, huunganisha kona kwa mistari iliyonyooka na kupunguza umbali.

Tatu, zima kipengele cha kusimama chenyewe. Kwenye mlima mkali mwendeshaji hushuka na kusukuma baiskeli polepole. Kifaa hudhani amepumzika na kuacha kuhesabu muda. Muda huo ndio tunaoutaka, kwa sababu anayembeba mgonjwa hupita hapohapo.

Nne, kama kuna kihesabio cha gurudumu, pima mzunguko wa tairi lenyewe. Weka alama ya chaki, zungusha tairi mara moja chini, kisha pima kwa futi kamba. Gurudumu la inchi 28 la baiskeli za kawaida vijijini lina mzunguko wa takribani mita 2.2. Ukikosea kwa sentimita 5 tu, safari ya kilomita 40 itatofautiana kwa karibu mita 900.

Tano, kuwa mwangalifu na mwinuko. GPS peke yake hukosea zaidi kwenye urefu kuliko kwenye umbali, ndiyo maana vifaa vya gharama kubwa vina baromita, inayopima kanieneo ya hewa. Katika nchi za tropiki kanieneo hupanda na kushuka kila siku: huwa juu kama saa nne asubuhi na chini kama saa kumi alasiri. Kifaa kilichowekwa mezani bila kuguswa kinaweza kuonyesha kwamba kimepanda mita 30 hivi. Hivyo pima mlima uleule kwenda na kurudi, kisha chukua wastani.

Kuandika mahali kwa usahihi

Makosa makubwa hutokea mezani, wakati wa kuandika ripoti. Mji wa Mbulu uko nyuzi 3 na dakika 51 kusini mwa Ikweta. Karani akiandika 3.51, amehamisha mji kwa karibu kilomita 38, kwa sababu dakika 51 ni sawa na nyuzi 0.85. Jibu sahihi ni 3.85.

Vilevile, ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo kwetu ni takribani mita 300. Mahali ambapo kipimo chenyewe ni mita 400, tofauti hiyo inatosha kukiingiza kitongoji kwenye orodha ya waliohudumiwa au kukitoa.

Njia hubadilika

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na barabara zilizibwa. Rekodi ya njia iliyochukuliwa kabla ya siku ile haiwezi kutumika bila kupimwa upya. Hata bila maafa, chanzo cha maji cha mwezi Aprili huenda kisiwe cha mwezi Septemba. Kila kipimo kiwe na tarehe.

Heshima kwa wananchi

Rekodi huonyesha nyumba ilipoanzia. Tukipima njia ya mgonjwa au ya mama mjamzito kwenda hospitali, tusipeleke nukta ya mlango wake kwa watu wengine. Anzia kwenye kanisa la kigango, shule au njia panda. Na kabla ya kupima, mweleze mwenye kaya kwa nini unapita kwake.

Tunachoomba kwa kamati

Kila ombi liambatane na karatasi moja yenye tarehe na msimu, mahali pa kuanzia na kumalizia, kilomita za kwenda na za kurudi, jumla ya mita za kupanda, muda uliotumika, na kama njia ilipitwa kwa baiskeli, pikipiki au miguu. Kifaa kimoja kinaweza kuzunguka katika vigango vyote vya parokia.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba mtambue kwamba kilomita mbili za tambarare ya Basotu na kilomita mbili za kupanda ukingo hazilingani. Someni safu ya kupanda kabla ya kulinganisha kijiji na kijiji. Mama anayerudi na lita 20 za maji amekwisha kulipima tofauti hilo kwa miguu yake. Karatasi yetu nayo ilionyeshe.