Uvuvi Juu ya Barafu

Mvuvi wa Ziwa Victoria, au wa pwani ya Mombasa, hawezi kwenda kuvua mbali bila chombo. Lakini katika nchi za kaskazini wako wavuvi ambao kila mwaka, kwa muda wa miezi kadhaa, huliingia ziwa kwa miguu. Hutembea mpaka katikati, wakapiga hema, wakapika, wakalala usingizi, na chini yao samaki wanaogelea. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa hadithi ya kuchekesha watoto, lakini ni kweli, na sababu yake ni baridi.

Moja katika nchi hizo ni jimbo la Minnesota, lililo kaskazini ya Marekani, mpakani mwa Kanada. Jimbo hili lina maziwa zaidi ya 11,000, makubwa kwa madogo. Ziwa moja kubwa huitwa Mille Lacs, na eneo lake ni kilometa za mraba 500 na zaidi. Miongoni mwa wenyeji wa tangu zamani wa mahali hapo ni Waojibwe, ambao wangali wakikaa huko hata leo. Mwezi wa Januari baridi hufika mara nyingi nyuzi 20 za sentigredi chini ya sifuri, na ziwa lote hufunikwa na barafu ngumu kama sakafu.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini maji yasigande yote mpaka chini, samaki wakafa? Jibu lake ni la ajabu. Maji yakipoa huwa mazito zaidi. Kikombe cha maji ya baridi ni kizito kidogo kuliko kikombe kile kile cha maji ya moto. Basi maji ya juu ya ziwa yakipozwa na upepo huzama, na yale ya chini yenye joto kidogo hupanda. Mambo huendelea hivyo mpaka ziwa zima lifike nyuzi 4. Hapo maji hugeuza desturi yake. Yakizidi kupoa huwa mepesi, hayazami tena, bali hukaa juu, na yakifika nyuzi 0 huganda. Barafu yenyewe ni nyepesi zaidi, maana maji yakiganda hutanuka: lita 10 za maji huwa karibu lita 11 za barafu. Ndiyo sababu chupa iliyojazwa maji na kuzibwa hupasuka maji yakiganda ndani yake. Basi barafu huelea, nayo huwa kama blanketi juu ya ziwa, ikizuia baridi isiingie ndani. Chini kabisa maji hubaki karibu na nyuzi 4, na samaki huishi humo, wakienda polepole na kula kidogo.

Marafiki wanaokusudia kwenda kuvua hawautazami uzuri wa barafu, bali huupima unene wake. Wakuu wa maliasili wa Minnesota huwaonya watu kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Barafu mpya, safi kama kioo, yatakiwa iwe na unene wa inchi 4, yaani sentimeta 10, ndipo mtu atembee juu yake. Motokaa huhitaji zaidi ya mara mbili ya unene huo. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nguvu kama nusu tu. Tena unene haulingani kila mahali. Hapa barafu yaweza kuwa ya futi nzima, na hatua chache mbele pana chemchemi au mkondo wa maji, na barafu ya hapo ni ganda tu.

Kwa hiyo mmoja wao hutangulia akiwa na mtaimbo, akiipiga barafu mbele yake kabla ya kuweka mguu, na kila baada ya mwendo kidogo hutoboa na kupima. Wenzake humfuata mmoja mmoja, wameachana, ili barafu isilemewe mahali pamoja. Huchukua kamba ndefu, na kila mtu huvaa shingoni vipande viwili vya mti vyenye misumari mikali. Mizigo yao huiburuta juu ya gari dogo lisilo na magurudumu.

Wakifika mahali pazuri hutoboa barafu kwa kekee kubwa, wakapata tundu lenye upana wa sentimeta 20 hivi. Vipande vya barafu huvitoa kwa upawa wenye matundu. Kisha huteremsha mshipi wenye ndoana na chambo, nao huushika kwa ufito mfupi usiofika mita moja, maana hakuna haja ya kurusha mbali. Samaki atafutwaye zaidi katika Mille Lacs huitwa walleye. Macho yake yana utando ndani ung'aao kama wa macho ya paka, naye huona vizuri katika mwanga hafifu. Kwa sababu hiyo huwinda jua linapotua na kabla halijachomoza, na wavuvi hulala ziwani ili wasizikose saa hizo. Waojibwe wa zamani walikuwa na ufundi mwingine. Mvuvi alilala kifudifudi juu ya tundu, akajifunika blanketi ili pawe giza, akachezesha majini samaki wa mti aliyechongwa vizuri. Samaki wa kweli alipomjia, alichomwa kwa mkuki.

Usiku barafu hunguruma kama radi ya mbali. Mgeni huruka kwa hofu, lakini mara nyingi ni barafu inayotanuka na kusinyaa kwa mabadiliko ya baridi. Hatari kubwa zaidi haina sauti. Moto ukiwaka katika hema lililofungwa kabisa, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki tena. Kwa hiyo wenye busara huacha nafasi ya hewa kupita, hata kama baridi inauma.

Je, mtu akizama? Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amewafundisha watu hesabu tatu za kukumbuka. Dakika 1 ya kwanza mwili hushtuka na pumzi huenda mbio. Mtu ajitulize, asimeze maji. Baada yake ana dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu yaweza bado kufanya kazi. Tena ipo kama saa 1 kabla ya baridi kumzimisha. Basi asikate tamaa. Ageukie upande aliotoka, kwa kuwa barafu ya huko ndiyo iliyomchukua. Akite misumari yake, apige miguu kama aogeleaye, ajivute kwa tumbo. Akisha kutoka asisimame, bali abingirike mpaka barafu nene. Nao rafiki zake wasimkimbilie. Wakimkimbilia kwa huruma, watazama pamoja naye. Walale chini na kumtupia kamba.

Mwezi wa Machi jua hupata nguvu, na barafu huanza kuoza ndani hata ikiwa bado nene. Ndipo sheria ya jimbo huamuru vibanda vyote vya wavuvi viondolewe ziwani. Mwaka baada ya mwaka wako wasiosikia, wakisema, "Jana tulipita hapa salama." Lakini barafu ya leo si ya jana. Wahenga walisema, "Tahadhari kabla ya hatari," na mvuvi wa barafu huitii methali hiyo kwa mtaimbo wake, kila hatua.

MASWALI

1. Kwa nini barafu huelea juu ya maji?
2. Kwa nini wavuvi hulala ziwani?
3. Rafiki yako akizama katika barafu, utafanya nini, na kwa nini?